Na Chenji?

Mtaani walimwita Fundi Baridi, na jina likamkaa. Kwanza kwa kazi: alitengeneza mafriji ya nyumbani, majokofu ya maduka, na vile vyumba vya baridi vya mabucha ambavyo ukikaa ndani kidogo tu unatoka huyasikii masikio yako. Pili kwa tabia: hakuwa mtu wa pupa wala wa maneno mengi. Ukimwuliza jambo asubuhi, jibu lingekuja akishamaliza chai. Lakini kulikuwa na habari moja ambayo hata ungemwamsha usingizini angekusimulia bila kumeza mate, nayo ni habari ya bahati yake.

"Mimi nina mfuko," alikuwa akisema, akijipiga paja. "Mfuko wangu haujawahi kuniangusha."

Na kweli haukumwangusha. Siku za mwisho wa mwezi, wenzake wakiwa wanashindia maji na utani, yeye angeingiza mkono kwenye mfuko wa ovaroli kutafuta bisibisi, na mkono ungetoka na noti. Noti ndogo, imekunjwa mara nne mpaka imekuwa kipande kama stempu. Angeitazama, angecheka peke yake, kisha angesema, "Hii nayo niliisahau lini?" Angejinunulia chakula, na kikitosha angemkaribisha dereva wa gari la kampuni, aliyekuwa mwenzake wa kazi na mtani wake mkubwa.

"Ovaroli hiyo ukiichoka usiitupe," dereva alimwambia. "Niuzie mimi."

Sasa tuambizane ukweli mapema, maana hapa hatutegeani vitendawili. Fundi huyu maishani mwake hakuwahi kukunja noti mara nne. Yeye noti alizisokota, akazishindilia mfukoni kama kitambaa cha kufutia grisi. Na kazi iliyompa ugali wake ilikuwa ni kutafuta palipovuja: unapaka povu la sabuni kwenye bomba, unatulia, unangoja uone kipovu kinavimba wapi. Mtu wa kazi hiyo, miaka nenda miaka rudi, hakujiuliza hata siku moja zile noti zinavuja kutoka wapi. Tusimwonee sana. Mtu akishaamini ana bahati, haikagui.

Nyumbani kwake kulikuwa na vyumba viwili na jiko, nyuma ya gereji. Friji ya mle jikoni aliiunda mwenyewe kwa mabaki: mwili wa kijani, mlango mweupe, na mlio wa mzee anayekohoa kwa adabu. Juu ya friji kulikaa kopo la chumvi, na chini ya kopo hilo ndipo ilipoachwa pesa ya matumizi kila asubuhi.

"Nimeacha," fundi angesema akifunga kamba za viatu.

"Nimeona," angejibu mkewe bila kugeuka, akiwa anakoroga chai.

Siku ambazo pesa ilikuwa haba, mkewe angeinua kopo, angechungulia, halafu angesema, "Nimeona, ila yenyewe haijaniona." Hapo fundi angerudi na kiatu kimoja, akicheka, apekue mpaka apate kitu cha kuongeza. Mara nyingine walikaa hapo wakibishana bei ya mafuta, mara ikaingia habari ya watoto wao wawili walioshaoa na kuhamia mbali, mara ya jirani na mbwa wake, na dereva huko nje anapiga honi mpaka betri inaomba msamaha. Kwa watu wasio na maneno mengi, kopo lile lilikuwa limewafanyia kazi kubwa.

Fundi alikuwa na ugonjwa mmoja wa heshima: aliacha zote. Mwanzoni kabisa mwa ndoa mkewe alimwambia, "Bakiza kidogo ya mchana, baba." Akanuna siku nzima. "Nibakize mimi, halafu nyie mle nini? Mwanaume gani anatoka na pesa huku jiko halina?" Mkewe akaona huyu hashindiki kwa mdomo. Hakubishana naye tena. Akawa anabana.

Kubana ni kazi, msidhani. Ni kumwambia muuza nyanya kwamba hizo ni za jana wakati wote wawili mnajua ni za leo. Ni kununua sabuni ya kipande badala ya mche, na kutembea kwa miguu safari ambayo mwenye pesa angepanda gari. Kinachobaki ni chenji, na chenji ya matumizi hakuna mume anayeiuliza. Ilikuwa yake. Humo alipata kitambaa cha kichwa, dawa ya mgongo, kitu cha kumshika mkono jirani aliyefiwa. Na humo, jioni akifua ovaroli, alipata noti ya kukunja mara nne.

Mambo yakaenda hivyo mpaka kampuni ilipotangaza kwamba bahasha za mshahara basi, kila mtu akafungue akaunti. Fundi alikwenda benki amevaa shati la kutokea. Binti wa benki alikuwa mchangamfu, anamwita mzee kwa kila neno.

"Na mama naye tumpe yake, mzee. Akaunti hiyohiyo, kadi mbili. Na kila akilipia kitu, mzee, meseji inaingia kwako papo hapo."

Jamani, alifurahi. Na furaha yake ilikuwa safi, hilo lazima lisemwe. Aliona amemtua mkewe mzigo wa kungojea chini ya kopo kila siku kama kuku. Alimkabidhi ile kadi kwa mikono miwili, pale jikoni.

"Kuanzia leo huna haja ya kuniomba. Unafika dukani, unapitisha, unaondoka zako."

Mkewe aliigeuza upande huu, akaigeuza upande ule. Akauliza, "Na chenji?"

Fundi Baridi, mtu asiyecheka ovyo, alicheka mpaka akajishika kwenye friji. "Chenji gani, mke wangu? Inakata ileile kamili. Kitu cha kumi, inatoka kumi. Chenji itoke wapi?"

"Haya," akasema mkewe. Naye alitabasamu, tabasamu la kumsindikiza mwenzake tu. "Nimeona."

Siku hiyo fundi hakuwa amesema "nimeacha", na hakulitambua.

Lile swali akaenda nalo kazini. Alimsimulia dereva, dereva akavunjika mbavu. Akamsimulia mwenye bucha, akawasimulia wapishi wa hoteli moja huku amelala chali nyuma ya jokofu lao. "Nimempa mke wangu kadi, ananiuliza, na chenji?" Likawa neno la utani kila alipokwenda, watu wakimwona tu: "Fundi, na chenji?" Hata watoto walipokuja na wake zao kutembea, alilisimulia mezani, mkewe mwenyewe akiwa amekaa palepale anagawa chakula. Wote wakacheka, na mkewe naye akacheka. Kisha akaenda jikoni kuleta maji ambayo yalikuwa tayari mezani.

Zikaanza meseji. Simu ikilia, fundi anaitoa, anasoma: umelipa duka la vyakula, umelipa duka la dawa, umelipa saluni. Mwanzoni alisoma kama mtu anayesoma matokeo ya mpira. Baadaye ile tabia ya kazi ikamwingia, ya kutafuta palipovuja.

"Sabuni tena wiki hii?" angeuliza jioni. "Nauliza tu."

"Ilikwisha."

"Na duka la dawa?"

"Mgongo."

"Hujaniambia kama mgongo unauma. Nauliza tu."

Hakuwa mkorofi. Hakuwahi kumkatalia kitu, na hakuwahi kupandisha sauti. Lakini "nauliza tu" ikisemwa kila jioni, inachosha kuliko ugomvi, kwa sababu ugomvi una siku unaisha. Mara moja mkewe alikwenda kwenye mashine ya benki akatoa pesa taslimu kidogo. Meseji ikamtangulia kufika nyumbani.

"Ulitoa keshi leo. Za nini? Siku hizi hata muuza mboga ana mashine."

Mkewe alikuwa anakata vitunguu. "Za mboga," akasema.

"Si ndiyo nakwambia, muuza mboga ana mashine."

"Haya."

Hakutoa tena. Na asubuhi zikabadilika. Fundi akimaliza kufunga viatu alikuwa hana cha kuacha, basi alisema, "Natoka," naye anajibiwa, "Haya." Dereva hakuhitaji tena kupiga honi. Kopo la chumvi likabaki kopo la chumvi.

Kisha bahati ikakata. Fundi aliingiza mkono kwenye ovaroli, akatoa bisibisi. Akaingiza tena, akatoa msumari na uzi. Mwisho wa mwezi ule, kwenye mgahawa wanaokula mchana, alipitisha kadi yake, mashine ikalia mlio mfupi ikaikataa, mbele ya foleni nzima. Dereva akamlipia, na mdomo wake haukukubali kulala njaa.

"Mfuko vipi, fundi? Umestaafu?"

Jioni alimlalamikia mkewe, kwa uchungu wa kweli kama mtu aliyepoteza rafiki. "Mwenzio bahati imenikimbia. Tangu tuingie kwenye haya makadi, mfuko umekauka kabisa. Zamani sikosi noti. Sasa hata sarafu."

Mkewe alimtazama. Akafunika sufuria ambayo ilikuwa imefunikwa. "Pole, baba watoto," akasema.

Ilipofika miezi ya baridi kifua kilianza kumsumbua. Koti lake la kuingilia vyumba vya baridi lilikuwa limechakaa, pamba imehamia chini yote, juu limebaki gunia. Alikohoa usiku, alikohoa kwenye gari. Koti jipya alisema atalinunua, mwezi ujao, mwezi ujao tena. Wakati huohuo akagundua jambo lililompendeza: meseji zimepungua. Duka la dawa hakuna. Saluni hakuna. Duka la vyakula, kidogokidogo. Akajipongeza.

"Unaona?" alimwambia dereva. "Kadi imemfundisha kubana."

Ukitaka kujua jinsi mtu mwema anavyoweza kuwa mjinga, likumbuke neno hilo.

Siku yenyewe alikuwa ndani ya chumba cha baridi cha bucha, taa ya kichwani, vidole vimekufa ganzi. Simu ikalia. Alipotoka nje kupasha mikono moto akaisoma. Umelipa: duka la mavazi ya wanaume. Na kiasi hakikuwa cha soksi. Kilikuwa matumizi ya nyumba ya wiki nyingi.

Akaisoma tena. Dereva alichungulia begani kwake.

"Labda ni yako hiyo, fundi. Shemeji amekununulia suti."

"Yangu, halafu anifiche mimi? Kitu changu mwenyewe, anifiche kwa nini?"

"Sasa ni ya nani?"

Dereva alikuwa anatania, lakini swali likapata pa kuingia. Fundi alifungasha vifaa bila kuvifuta. Njia nzima alitazama barabara. Wanaume wa mtaani walimpitia kichwani mmojammoja: fundi wa gereji, mwenye duka la kona anayejichekesha kwa kila mwanamke, yule mpangaji mpya. Miezi yote hii matumizi yamepungua. Kumbe pesa zilikuwa zinawekewa mtu. Alijiona mtu mwerevu aliyepaka povu hatimaye akakiona kipovu.

Jikoni aliwakuta wawili: mkewe, na shemeji yake, dada wa mkewe, aliyekuja kusalimia. Wanakunywa chai. Mkewe alikuwa na uso wa furaha ambao hakuuona siku nyingi, na hata hilo akalihesabu kuwa ushahidi. Hakusalimu. Aliweka simu mezani, kati ya vikombe, meseji ikitazama juu.

"Mwanaume gani?" akauliza.

Shemeji alikisogeza kikombe chake. Mkewe aliinama akasoma ile meseji, taratibu, kama mtu anayesoma jina lake mahali asipolitarajia.

"Inafika haraka hivi?" akasema. "Nilidhani inafika jioni."

"Nimekuuliza, mwanaume gani?"

Mkewe alikiweka kikombe chini. Alinyanyuka, akaenda chumbani, akarudi na mfuko wa duka, ule wa karatasi ngumu. Akatoa humo koti. Koti zito la kazi, la bluu iliyoiva, kola ya kufunika shingo, zipu nene ambayo fundi mwenye glavu anaweza kuishika. Lilikuwa la ukubwa wake. Hapakuwa na haja ya kulipima. Aliliweka juu ya kiti alichokuwa amekalia.

Fundi alisimama pale. Damu iliyokuwa imempanda ikashuka yote, na alijua wakati uleule kwamba neno lake lilishatoka na halina pa kurudi. Akajaribu kucheka. "Sasa si ungeniambia tu. Mtu na mumewe—"

"Nilikuwa nakuwekea mfukoni," mkewe akasema. Sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa. "Sasa pesa ya kuweka mfukoni sina. Nikaona nikununulie mfuko wenyewe."

"Kuweka mfukoni? Pesa gani?"

Hapo shemeji akashindwa kuvumilia. "Jamani, shemeji. Ulidhani noti zinaota kwenye ovaroli? Mtu unaacha zote chini ya kopo unakwenda kushinda na njaa, nani alikuwa anakulisha mchana? Ile ndiyo ilikuwa chenji."

Hakuna aliyecheka. Fundi alilisikia lile neno, na nyuma yake akawasikia wote: dereva, mwenye bucha, wapishi wa hoteli, wanawe mezani. Aliona haya mpaka mikononi. Alitaka kusema nisamehe, na pengine alilisema, lakini kifua kilimkaba akaanza kukohoa, na kikohozi kilipokwisha shemeji alikuwa ameshachukua mkoba wake anaaga.

Mkewe alirudi kwenye friji. Alitoa ile kadi kwenye kitambaa alichokuwa ameifungia, akainua kopo la chumvi, akaiweka chini yake.

"Nimeacha," akasema.

Tangu hapo hakuigusa. Fundi aliomba radhi vizuri, kesho yake na siku zilizofuata, kwa maneno mengi kuliko aliyowahi kuyasema tangu azaliwe. Mkewe alimsikiliza yote. "Yamekwisha, baba watoto," alimwambia, na hakuwa amemnunia. Alimpikia, alimfulia, alimsugua kifua kwa mafuta usiku. Ukiwaona ungesema hawa hawana neno. Fundi naye akaanza kwenda mashine ya benki kila wiki, anatoa noti, na kila asubuhi anaziweka palepale pa zamani.

"Nimeacha."

"Nimeona."

Moyo wake ukaruka siku ya kwanza aliposikia. Lakini jioni aliporudi, juu ya friji kulikuwa na bakuli, na ndani ya bakuli chenji: sarafu, noti ndogo, na risiti imewekwa juu. Alidhani mkewe amesahau. Kesho yake tena, na keshokutwa. Kila kilichobaki kilirudi bakulini, mpaka ile sarafu ambayo hata watoto hawaiokoti.

"Hizi baki nazo," alimwambia. "Za kwako. Sitaki risiti mimi."

"Za nini? Nikiwa na shida nitakuambia."

"Lakini zamani ulikuwa—"

"Zamani zilikuwa hazionekani," mkewe akasema, kwa upole, akiendelea kupepeta mchele.

Miezi ikapita. Bakuli likajaa, likaletwa jingine. Koti jipya ni zuri, hilo hata dereva anakubali. Baridi haipiti, na kifua kimepona. Lina mifuko minne. Fundi Baridi bado ana ile tabia: akitafuta bisibisi anaingiza mkono, anapekua mpaka pembeni, mifuko yote, halafu anautoa taratibu. Watu wapya kazini wanadhani ni msahaulifu. Dereva anajua, naye siku hizi hamtanii. Kuhusu bahati, fundi hasemi tena kitu.

Asubuhi moja aliamka kabla ya mkewe. Alichukua noti moja kwenye bakuli, akaikunja. Vidole vyake vimezoea chuma, noti ikamsumbua. Akaikunja mara mbili, ikafunguka, akairudia, mpaka ikakubali mara nne. Mkoba wa mkewe ulining'inia nyuma ya mlango. Aliufungua, akaisukuma ndani kabisa, kwenye kile kifuko cha pembeni mtu anachokisahau. Akaenda kazini. Siku nzima alifanya kazi kama kijana, akimwazia mkewe yuko dukani, anatafuta ufunguo, mkono unatoka na noti, anajiuliza hii niliisahau lini.

Jioni chakula kilikuwa tayari. Mkewe alimpokea begi la vifaa, akamwuliza habari za kutwa. Juu ya friji bakuli lilikuwa mahali pake, na juu ya sarafu zote ilikaa ile noti, bado imekunjwa mara nne.

"Ulisahau noti kwenye mkoba wangu," mkewe akasema, akigawa chakula. "Nimekurudishia kwenye chenji."

Fundi alisimama mbele ya friji aliyoiunda kwa mikono yake, koti likiwa bado mwilini.

"Nimeona," akasema.